Rangi ya Kiwiko

Mama yangu hanunui shati likiwa limetundikwa. Ameuza mitumba katika soko la Muthurwa, Nairobi, tangu nikiwa darasa la pili, na kanuni yake haijabadilika: nguo ikiwa kwenye hanga kazi yake ni kudanganya watu. Itoe, igeuze nje ndani, anza na kwapa, kisha kola, kisha ipeleke juani. "Kwapa halijui kusema uongo," huwaambia wateja, huku amewavuta hadi nje penye mwanga, wapende wasipende. Mimi sikuwahi kuuza hata soksi, lakini hiyo ndiyo elimu niliyotoka nayo nyumbani. Nimeitumia kuchagua viatu, nyumba, marafiki, na mume mmoja niliyemrudisha kwao.

Kwa hiyo siku mimi na mwenzangu wa studio ya katuni tulipohitaji kuchagua programu ya kurenda, sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Nieleze kurenda ni nini, maana hata kanisani nimeeleza mpaka nikachoka. Katuni za siku hizi hatuzichori kwa penseli. Tunamfinyanga mtu ndani ya kompyuta, tunampaka rangi, tunamvika nguo, tunamwashia taa, halafu tunaiambia mashine: haya, tupigie picha. Mashine inaanza kuhesabu mwanga umetoka wapi, umegonga nini, umerukia wapi. Huko kuhesabu ndiko kurenda, na anayehesabu ni kadi ya picha, ile ile ambayo vijana wa mtaa huitafuta kwa ajili ya michezo yao. Sisi tulikuwa na kadi moja tu, tena mtumba. Mama ndiye aliyeikagua. Aliinusa akasema haijaungua.

Studio yetu ni chumba kimoja mtaa wa Jericho, juu ya duka la unga, na tuko wawili. Mimi kazi yangu ni rangi na taa. Mwenzangu kazi yake ni mwendo: akikuangalia ukipanda ngazi mara moja, kesho yake utajiona kwenye skrini ukipanda vile vile, goti bovu na yote. Amezaliwa Majengo, Pumwani, kwa Waswahili wenyewe, na ana ule upole wao wa kukutukana kwa lugha ambayo utaielewa ukifika nyumbani. Mimi mdomo wangu hauna subira hiyo. Chini, kando ya duka hilo, kuna fundi wa kuchomelea vyuma, na kila anapogusa chuma stima ya jengo zima inayumba, taa zinafifia.

Kituo kimoja cha televisheni kilitaka katuni ya watoto, kikaomba kila studio ilete dakika moja ya mfano. Niseme mapema ili usikae roho juu: kazi tuliipata. Si hiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Kilichonikalisha ni ahadi niliyompa mama.

Dakika yetu ilikuwa ya mzee wa reli anayerudi nyumbani kwa miguu jioni ya mvua, kutoka karakana hadi Jericho, mkate ameuficha ndani ya koti usilowe. Mzee huyo alikuwa baba yangu. Alirudi hivyo miaka na miaka, hadi alipofariki, nami nikiwa na miaka kumi na tisa. Wakati huo hapakuwa na mtu kwetu mwenye simu ya kuchukua video. Zilibaki picha mbili tatu zilizofifia na ile moja kubwa ya ukutani. Nilipomweleza mama habari ya katuni, nilijisahau, mdomo ukanitoka: "Nitakuonyesha baba akitembea tena."

Mama alikunja mashati matatu, akayakunjua, akayakunja upya. Kisha akauliza, "Lini?"

Basi nikajua nimejifunga. Ningeweza kuipoteza kazi ya televisheni nikalala usingizi wangu. Lakini mama kukaa mbele ya skrini akamwona mtu asiye yeye, hilo nisingelivumilia.

Tulipata programu mbili za kujaribu. Majina yake halisi sitayataja, na hatukuyatumia hata wakati huo. Ya kwanza ilikuwa ya haraka ajabu, unabonyeza na picha imekuja. Hiyo tuliiita Boda. Ya pili ilifuata kila mwali wa mwanga tangu unapotoka mpaka unapokufa, na picha moja ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe. Tukaiita Mkokoteni. Mwenzangu alitaka Boda. Mimi nilitaka Mkokoteni. Tulikuwa na wiki tatu.

"Haraka haraka haina baraka," nikamwambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, dada yangu," akajibu bila kuinua macho. "Wenye programu wenyewe wameweka picha za mfano. Hebu ona gari hilo linavyong'aa."

"Hilo ni hanga! Hilo ni shati kwenye hanga! Kwani sisi tunatengeneza magari?"

Nikakataa kabisa kutazama picha zao za mfano. Nikasema tutageuza nje ndani. Tukachukua pale pagumu kuliko pote katika dakika yetu: mzee yuko mlangoni, nje mvua, ndani balbu moja, koti la sufu limelowa, uso nusu gizani. Programu itakayoshinda hapo, imeshinda popote. Hilo ndilo lilikuwa kwapa.

Na kwapa likasema. Boda haikuwa na subira ya kuhesabu mwanga wote, kwa hiyo picha yake ya kwanza ilitoka na chengachenga kama televisheni isiyoshika stesheni. Halafu inapita yenyewe na kitambaa, inasafisha. Shida ni kwamba haikujua kutofautisha chenga na mvua. Ikafuta mvua. Ikafuta na nyuzi za koti, sufu ikawa plastiki. Mkokoteni haukufuta kitu, uliendelea kuhesabu hadi chenga zikaisha zenyewe. Tena fundi wa chini alipogusa chuma na mashine ikazimika, Boda ilianza upya kila kitu, ilhali Mkokoteni uliendelea pale pale ulipoachia. Nilitembea ndani ya chumba kile nikijipiga kifua. Mimi nikishinda huwa sijifichi.

"Mchagua jembe si mkulima," mwenzangu alinung'unika.

"Asiyechagua analima na kijiko," nikamjibu. Hiyo si methali, niliitunga hapo hapo.

Lakini palikuwa na uso.

Katika Mkokoteni, uso wa baba ulitoka kijivu. Si mweusi, si mweupe, ni kijivu, kama mtu aliyesaga mahindi siku nzima asioge. Katika Boda uso huo huo ulipendeza: laini, unang'aa, una afya. Mwenzangu aliziweka picha mbili kando kwa kando, akanimiminia chai kwa adabu, na adabu yake hiyo ilinichoma kuliko matusi.

"Mkokoteni wako umemwaga unga," akasema mwishowe.

Nilibadilisha taa. Nilibadilisha balbu, dirisha, ukuta. Kijivu. Siku nne nzima nilihangaika. Nikawaandikia wenye programu barua ya hasira, nikawaambia programu yao haijawahi kumwona Mwafrika, nendeni mkaulize. Wakanijibu kwa upole kwamba wangependa kuona faili la ngozi nililotumia. Nikakasirika zaidi. Faili langu? Mimi niliyepaka ngozi za watu tangu nimalize shule? Sikulituma.

Wiki ya pili ikaisha. Mwenzangu akasema neno la maana: "Sisi tunabishana nini? Anayemjua yuko Muthurwa. Mlete achague."

Mama alikuja Jumapili baada ya kanisa, na viatu vyake vya kanisa. Mwenzangu alisimama akamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakalishwa kwenye kiti kizuri, kile chenye mgongo. Nikamwekea picha mbili, Boda kushoto, Mkokoteni kulia.

Alitazama ya kushoto. Alitazama ya kulia. Akasogea karibu, akavaa miwani, akarudi nyuma.

"Ni wazee wazuri," akasema. "Ni wa wapi?"

Ni heri angenizaba kofi. Nilijua sauti ile. Ndiyo anayotumia kwa wageni waliopotea njia wakaja kuuliza. Nikasikia machozi, na mimi machozi yakija huja na makelele. "Mama! Ni baba! Koti lake, kofia yake, mkate huo hapo! Pua hiyo nimeipima kwenye picha ya ukutani! Rangi nimeitoa kwenye picha ya ukutani!"

"Ahaa," akasema mama. Akavua miwani akaikunja. "Ile ya ukutani."

Akaitia miwani mkobani, akaufunga.

"Ile ya ukutani si yeye," mama akasema.

Hapa lazima nirudi nyuma. Nilipomaliza shule niliajiriwa katika studio ya picha hapo sokoni Jericho. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi na ilikuwa na sheria moja: mteja atoke mweupe kidogo. Hawakusema hivyo. Walisema, "Nitoe nikiwa safi," au "Nisitoke nimezama." Mwenye studio alinifundisha kuvuta ule mstari wa mwanga kwenye kompyuta juu, juu tena, mpaka mteja atabasamu. Nilipiga picha za arusi, za vitambulisho vya shule, na picha za mazishi zinazowekwa juu ya jeneza. Kabla mwaka haujaisha, mkono ulijua wenyewe. Sikuwa naamua tena. Nikifungua uso wa mtu, kidole kilikuwa kimeshavuta.

Baba alipofariki, picha ya mazishi niliitengeneza mimi. Ilikuwa zawadi yangu ya mwisho kwake, na niliifanya kwa ustadi wote niliokuwa nao. Watu walipita mbele ya jeneza wakisema, "Mzee ametoka vizuri." Nililia, lakini ndani yangu palikuwa na fahari. Tuliiweka kwenye fremu, tukaitundika sebuleni, na miaka yote hii sikuwahi kujiuliza kwa nini mama hukaa kwenye kiti kinachoipa mgongo.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Ulikuwa mtoto, umefiwa, umefanya kazi nzuri, watu wanakusifu. Ningesema nini?" Alisema bila lawama, akijipangusa sketi. "Nikajiambia, wacha. Kumbe na mimi nikazoea. Siku hizi nikimkumbuka, anakuja yule wa ukutani. Yule wangu haji."

Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile. Nilimwibia mtu mume wake, tena akiwa amekwisha kufa, na nikapigiwa makofi.

"Basi nionyeshe," nikasema. "Alikuwa rangi gani?"

Mama akainuka. Akanishika mkono, akanivuta hadi mlangoni, nje kwenye baraza, penye jua la saa nane. Akapandisha mkono wa blauzi yangu mpaka juu, akaugeuza mkono wangu huku na huku, kwa vidole vile vile vinavyogeuza mashati. Mimi nimefuata upande wake, wekundu wa mama. Akaupita mkono wa chini, akaupita wa juu. Akafika kwenye kiwiko, akakikunja, akakigonga kwa kidole gumba.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ulipomchukua baba yako. Alikuwa hivi mwili mzima."

Mwenzangu hakungoja. Alikuja na simu na karatasi nyeupe. Akaishika karatasi kando ya kiwiko changu ili kamera ijue nyeupe ni ipi, akapiga picha kumi na mbili, mimi nimekunja mkono hewani kama mtu anayejikinga na kofi, na fundi wa kuchomelea anatutazama kutoka chini, kofia yake ya chuma ameiinua.

"Mnapima nini?" akauliza kwa sauti.

"Mzee!" mwenzangu akamjibu, na fundi akatikisa kichwa kana kwamba ni jambo la kawaida.

Kesho yake niliyafungua mafaili. Ngozi ya mzee wetu ilikuwa na tabaka la mwanga ambalo sikukumbuka kuliweka. Nikafungua bibi wa katuni ya mwaka juzi: lipo. Nikafungua watoto wa tangazo la sabuni: wote wanalo. Miaka yote nilikuwa nawapaka watu wetu poda kabla hawajatoka nyumbani, halafu nawatukana wenye programu kwamba hawajamwona Mwafrika. Mkokoteni haukumwaga unga. Unga ulikuwa wangu. Mkokoteni ulihesabu tu nilichoupa, kwa uaminifu, na uso wa Boda ulinipendeza kwa sababu Boda ilikuwa na tabia yangu ya kusafisha watu.

Nilimwambia mwenzangu yote, sikuficha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole, dada yangu. Lakini hiyo barua uliyowaandikia..."

"Nyamaza."

"Nyamaza nimenyamaza. Nasema tu, ilikuwa barua nzuri."

Nilipaka ngozi upya kutoka kwenye kiwiko. Nikaipa ule wekundu unaojificha chini ya weusi, nikaipa na jasho kidogo puani. Tukarenda pale pale mlangoni, programu zote mbili, ili hukumu iwe ya haki. Boda ilibabaika. Uso mweusi, chumba cha giza, balbu moja: ikaona ni giza juu ya giza, ikapita na kitambaa chake, na baba akawa shimo lenye kofia. Mkokoteni ulichemsha maharagwe yake. Tukanywa chai. Tukanywa ya pili. Polepole paji la uso likaja, limeshika mwanga wa balbu, kisha mfupa wa shavu, kisha ule mkunjo mmoja kando ya mdomo niliokuwa nimeusahau kabisa, na ambao sikuuweka mimi. Uliletwa na mwanga wenyewe, ulipoangukia ngozi ya kweli.

Mwenzangu akasogeza kiti. "Haya," akasema. "Mkokoteni. Umeshinda, ingawa umeshinda kwa kushindwa."

"Kushinda ni kushinda," nikasema, na siku hiyo hiyo nikaiondoa Boda kwenye mashine. Barua ya pili kwa wenye programu niliiandika pia. Ilikuwa na sentensi mbili, na ya pili ilikuwa samahani.

Wiki iliyobaki tulifanya kazi ya punda. Tulipatana na fundi wa chini: yeye achomelee asubuhi, mchana apime na kukata, ili kadi yetu ipate stima iliyotulia. Alikubali bila masharti, maana alitaka kumwona huyo mzee aliyepimwa kwa kiwiko.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya kupeleka, mama alifunga meza yake mapema akaja moja kwa moja kutoka sokoni, na gunia la mashati begani. Hakukaa kwenye kiti kizuri. Alisimama nyuma yangu, mkono mmoja juu ya bega langu. Mwenzangu akabonyeza.

Mvua. Barabara ya Jericho, matope, mataa. Mzee anakuja, ameinama kidogo upande wa kushoto, mkate ndani ya koti. Mkono wa mama ukakaza begani pangu. Mzee anapita duka, anapita mfereji, anapiga chafya. Anafika mlangoni. Balbu inamwangaza uso, anajipangusa maji machoni, anatabasamu kidogo, ule mkunjo mmoja, anasukuma mlango, anainua mguu kuingia.

"We!" mama akafoka. "Futa miguu kwanza! Huoni nimepiga deki?"

Dakika ikaisha, skrini ikawa nyeusi. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyecheka. Mimi sikuweza kugeuka kumtazama, nilibaki nimeushika ule mkono uliokuwa begani, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuumwa.

"Hajafuta," mama akasema tena, sasa kwa sauti ndogo, akituambia sisi. "Yeye hakuwahi kuingia bila kufuta. Hata siku moja."

"Na ile picha ya ukutani nitaiondoa, Mama," nikasema.

"Ya nini? Iache. Huyo ni wa wageni."

Mwenzangu alikuwa ameshavuta kibodi. "Mama," akasema, "alikuwa anafutaje?"

Mama akaweka gunia la mashati chini, mbele ya mlango wa studio, akasimama juu yake na viatu vyake vya sokoni, akatuonyesha. Mguu wa kulia mara mbili, wa kushoto mara moja, halafu kisigino.